Ghorofa ya tatu, hakuna lifti, mtoto hatembei: turudishe funguo za kaunsili tukapange Luton?

Shangazi shikamoo,

Naomba usitaje jina langu manake huku mashariki ya London Waswahili tunajuana wote, ukikohoa Barking mtu wa Ilford anakuuliza umekunywa dawa gani.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Binti ana miaka 14, mvulana alitimiza 10 mwaka jana. Huyu mdogo ana mtindio wa ubongo, hatembei, hasemi kwa maneno lakini anaelewa kila kitu na akikununia utajua tu. Tunaishi flati ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo la zamani halina lifti. Upangaji uko kwa jina langu peke yangu tangu 2011 nikiwa na mimba ya binti. Kipindi kile ngazi sikuziona tatizo, nilishukuru tu kupata paa.

Alivyokuwa mdogo nilikuwa nambeba mgongoni kwa kanga kama nyumbani Tanga, wazungu kwenye ngazi wanatabasamu, basi. Sasa hivi ana kilo 34. Gari la shule linamshusha saa tisa na nusu mchana, kiti chake cha magurudumu tunakiacha chini kwenye banda la baiskeli kimefungwa mnyororo, halafu nambeba kwa mikono ngazi zote, kila kona nakaa chini naye tunapumzika, nikishapata pumzi tunaendelea, na siku misuli ikimkaza katikati ya ngazi anajinyoosha ghafla namkumbatia na nondo za ngazi hapo hapo tusianguke wote wawili. Mgongo wangu GP, daktari wetu wa mtaani, kanipa vidonge kaniambia nipunguze kunyanyua vitu vizito. Nikamwangalia tu.

Kumwogesha ndo kasheshe zaidi. Bafu ni lile beseni refu la kizungu, lina ukingo mrefu, napiga magoti sakafuni namshika kwapani kwa mkono mmoja namsugua kwa mwingine, na mtoto sasa anaanza kukua anaona aibu, anageuza uso ukutani. Usiku analala chumba kimoja na dada yake na lazima ageuzwe, kwa hiyo binti hapati usingizi, na mwakani ana mitihani ya GCSE, kaamua mwenyewe kuhamia sebuleni kwenye sofa.

Niliomba kaunsili watuhamishe. Wametuweka bendi C, yaani daraja letu kwenye foleni ya nyumba, barua inasema tunapungukiwa chumba kimoja, habari ya ulemavu hakuna hata mstari. Yule OT, mtaalamu anayekuja kupima jinsi mtu mwenye ulemavu anavyoishi nyumbani, alikuja asubuhi mtoto yuko shule, akauliza mnaendeleaje nikamwambia tunashukuru Mungu tunaendelea. Akaandika tupewe kiti cha kuogea na chuma cha kushikilia ukutani. Nilipouliza kuhusu kutengenezewa bafu wakanijibu kwa simu kwamba hawawezi kutumia hela kwenye flati ambayo mtoto hawezi kuifikia, na kiti cha umeme cha kupandia ngazi hakiwekwi kwa sababu ngazi ni za jengo zima.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mume wangu, kapata nyumba Luton. Vyumba vitatu, ya chini na juu, ina bustani, mwenye nyumba wanafahamiana, anataka dhamana na kodi ya mwezi na jibu kabla ya Ijumaa. Shemeji anasema rudisheni funguo za kaunsili muondoke kwenye mateso. Mume wangu anaendesha basi za usiku, kachoka, yuko upande wa kaka yake. Halafu kuna mama mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp ana nyumba ya kaunsili Dagenham, ya chini, vyumba vitatu, yuko tayari tubadilishane ila anataka pauni 4,000 "za asante". Na jirani yangu Mkongo anasema niende kaunsili nikajiandikishe kama sina makazi kabisa ndo watashtuka.

Nimechanganyikiwa. Na kuna jambo lingine siku hizi linaniamsha usiku, sisi tukifa huyu mtoto nyumba inakuwaje?

Mama wa Ghorofani

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Tuanze na Luton manake ndo yenye tarehe. Usirudishe funguo. Mwambie shemeji asante kwa moyo wake, kweli kahangaika kwa ajili yenu, lakini hapana, na mume wako mkalishe siku yake ya kupumzika umsomee haya niliyoandika.

Ulichonacho wewe mkononi ni upangaji wa kaunsili wa kudumu chini ya Sheria ya Nyumba ya 1985. Kaunsili haiwezi kukutoa bila kwenda mahakamani na bila sababu iliyotajwa kwenye sheria. Siku ukiandika barua ya kurudisha flati hiyo haki imekwisha, hairudi kwa kuomba msamaha. Kule kwa mwenye nyumba binafsi ni kweli kuanzia tarehe 1 Mei 2026 sheria imefuta ile notisi ya kumtoa mtu bila sababu, lakini mwaka wa kwanza ukishapita bado anaweza kusema nauza au nahamia mwenyewe, anakupa notisi ya miezi 4, na wewe una mtoto ambaye huwezi kumhamisha kila baada ya muda kama begi. Msaada wa kodi kwa nyumba binafsi una kikomo kwa kila eneo na kodi za kweli mara nyingi zinapita hicho kikomo, tofauti mnailipa nyie. Bafu ukitaka kulitengeneza lazima mwenye nyumba akubali. Na hiyo nyumba ya Luton umesema ni ya chini na juu, sasa niambie vyumba vya kulala viko wapi? Juu. Mtakuwa mmetoka kwenye ngazi za jengo mkaenda kwenye ngazi zenu wenyewe.

Kingine ambacho shemeji hakijui, kaunsili nyingi haziweki mtu kwenye orodha yao mpaka awe ameishi kwao miaka kadhaa. Mkihama mnatoka kwenye orodha ya huku na kule mnaanza sifuri, na England nzima kaya zinazosubiri ni zaidi ya milioni 1.3. Msaada wa shule wa mtoto, ile EHCP, kisheria unahamishiwa kaunsili mpya, sawa, lakini nafasi kwenye shule maalumu na gari la shule ni maongezi mapya kabisa.

Sasa yule mama wa pauni 4,000. Kubadilishana nyumba ni haki yako na ni njia nzuri, nitarudi huko. Lakini hela ikipita mkononi kwa ajili ya mabadilishano hayo, hiyo yenyewe ni sababu ya kisheria ya kaunsili kwenda mahakamani kuomba nyumba irudi. Yaani yeye anapata za asante, wewe unapata kesi, na yeye pia. Usimtumie hata senti, na usijibu kwa maandishi kama mtu anayefikiria kulipa, manake skrinshoti za grupu la WhatsApp zinatembea mpaka zisipotakiwa.

Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu ina kitu cha kutamanisha, najua. Kama huyo mama anataka kweli kuhama kwa sababu zake mwambie tufanye bure na kwa utaratibu, kila mmoja anaandika kwa kaunsili yake, kaunsili ina siku 42 kujibu na inaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa tu, kwa mfano kama nyumba ni kubwa kupita mahitaji yenu au kama imetengenezwa maalumu kwa mlemavu na anayeingia hana mlemavu. Hii ya pili ni ya kwako kabisa, kuna watu wako kwenye nyumba zenye mabafu ya walemavu ambao mlemavu wao alishafariki au kuhama na wanatafuta pa kwenda, hao ndo wa kuwasaka. Mitandao ya HomeSwapper na House Exchange ndo watu wanajiandikisha huko, uliza kaunsili yako wamelipia upi ili uingie bure. Andika wazi unatafuta ya chini au yenye lifti, bafu la sakafu tambarare, milango mipana. Ila jua kwamba kwenye kubadilishana unachukua nyumba ilivyo, ukuta uliopasuka unauchukua na wewe, na hakuna kuhamisha hata shuka kabla ya ruhusa ya maandishi na kusaini.

Haya, sasa tuje kwenye kitu ambacho naona ndo kimekukwamisha, na si ngazi. Ni ile "tunashukuru Mungu tunaendelea".

Mwanangu sisi tumelelewa hivyo, mgeni akikuuliza habari unasema nzuri hata kama nyumba inaungua, halafu ndo mnakaa mnaongea ya kweli taratibu. OT hana taratibu. Yeye ana fomu. Umemwambia unaendelea, kaandika mama anamudu. Hakuona mtoto akipandishwa, hakuona bafuni ukiwa umepiga magoti, hakuambiwa binti analala kwenye sofa, kwa hiyo kilichoko kwenye faili la kaunsili ni familia inayomudu yenye upungufu wa chumba kimoja, na bendi C ni jibu sahihi kabisa kwa familia hiyo. Tatizo hiyo siyo familia yenu.

Omba upimwe upya. Andika barua pepe kwa kitengo cha watoto wenye ulemavu, sema hali imebadilika, mtoto amekua, uzito umeongezeka, unaomba tathmini ya OT ya makazi. Wakikupangia asubuhi sema hapana, waje saa tisa na nusu gari la shule linapofika, wapande na nyie. Usifanye usafi wa kupita kiasi siku hiyo, sofa la binti liache na mto wake na blanketi. Akikuuliza unaendeleaje mweleze siku mbaya, siyo siku nzuri, siku misuli ilipomkaza kwenye ngazi, mgongo wako, vidonge, na useme maneno haya haya, siku moja nitaanguka naye. Si kulalamika huko. Na kabla hajaja andika kwa wiki kama mbili kila unapomnyanyua, saa ngapi, nani alisaidia, nini kilitokea. Daftari la kawaida tu.

Wakati huo huo wewe mwenyewe una haki ya kupimwa. Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 ilisema mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu akiomba, kaunsili impime na yeye mahitaji yake. Wengi wetu hatuombi tunaona ni kama kumlalamikia mtoto wako kwa serikali, tena soshowoka, ofisa wa ustawi wa jamii, akitajwa tu watu wanafikiria kunyang'anywa watoto. Omba. Karatasi inayosema mama mgongo umeharibika kwa sababu ya ngazi inaongea kwenye ofisi ya nyumba kuliko barua tano za GP zinazosema "ningeshukuru mkimsaidia".

Bafu sasa. Kujibiwa kwa simu si kujibiwa. Kuna ruzuku ya kutengeneza nyumba kwa ajili ya walemavu, inaitwa DFG, kwa England kikomo chake ni pauni 30,000 (Wales 36,000, na ndugu zetu wa Scotland wana utaratibu wao tofauti kabisa hivyo wasifuate ninayoyasema hapa). Kwa mtoto chini ya miaka 18 hawaangalii kipato cha wazazi, basi za usiku za mume wako hazihesabiwi. Mpangaji wa kaunsili naye anaruhusiwa kuomba, ingawa kaunsili nyingi kwa nyumba zao wenyewe zinatumia fungu lao lingine, ni sawa ilimradi kazi ifanyike. Ukishaleta ombi lililokamilika wana miezi 6 kukujibu ndiyo au hapana kwa maandishi.

Wanaangalia mambo mawili. Kazi inahitajika kwa huyu mtoto? Hapo OT ndo anasemea. Na inawezekana kufanyika kwenye jengo hili kwa akili ya kawaida? Hapo ofisi ya nyumba ndo inaamua, na hapo ndo walipokukatalia kwa simu. Inawezekana kweli wako sahihi, bafu zuri ghorofa ya tatu bila lifti ni hela ya kutupa. Basi waandike! Mwanangu hiyo barua ya hapana ndo unayoitaka. Kaunsili ikisaini karatasi kwamba flati hii haiwezi kutengenezwa imfae mtoto, imekiri yenyewe kwamba dawa ni kuhama, na wewe unaichukua barua hiyo unaipeleka kwenye dirisha la pili la kaunsili ile ile. Watu wengi wanaogopa kukataliwa kwa maandishi wanaridhika na "tutaona", sijui kwa nini, tutaona haina kazi yoyote kwenye rufaa.

Dirisha la pili ni la bendi. Sheria ya Nyumba ya 1996 inalazimisha kaunsili kuwapa kipaumbele wenye uhitaji wa kuhama kwa sababu za afya na ustawi, na imetaja ulemavu. Pia inataja wanaoishi kwa kubanana. Nyie mna vyote viwili na mmehesabiwa kimoja. Jaza fomu ya afya ya ofisi ya nyumba (kila kaunsili ina yake, usidhani OT akishaandika kwake na ofisi ya nyumba imeona, mara nyingi hawasomi mafaili ya wenzao), ambatanisha ripoti mpya ya OT, barua ya mtu wa fiziotherapi, barua ya shule, ile ya hapana ya bafu, picha za ngazi kuanzia chini mpaka mlangoni, na kurasa za daftari lako. GP mwombe aandike kitu kimoja tu, mgongo wako na kwamba hupaswi kunyanyua kilo 34. Kisha omba uamuzi wa bendi upitiwe upya, ni haki yako kisheria, kaunsili nyingi wanatoa siku 21 tangu barua ya uamuzi. Kama zimeshapita usikate tamaa, ushahidi mpya unahesabika kama mabadiliko ya hali na ombi linaangaliwa tena, na wakikataa saa hiyo siku 21 zinaanza upya.

Kuhusu vyumba, wengi wanachanganya. Watoto wa jinsia tofauti wakifika miaka 10 hawahesabiwi kulala pamoja, kwa hiyo vitatu ni haki yenu hata bila ulemavu. Kama mtapata mhudumu kutoka nje anayelala kwenu mara kwa mara kumwangalia mtoto usiku, chumba chake nacho kinaweza kuruhusiwa kwenye hesabu ya msaada wa kodi, hilo lilibadilishwa Aprili 2017 baada ya familia kushinda Mahakama ya Juu kabisa mwaka uliotangulia. Mzazi mwenyewe hahesabiwi kama mhudumu wa kulala, hata kama ndo hulali. Nakutajia haya kwa sababu watu wanachukua nyumba kubwa kwa furaha halafu wanakatwa asilimia 14 ya kodi inayosaidiwa kwa chumba kimoja kilichozidi na 25 kwa viwili au zaidi. Nyie mkipata vitatu hamguswi.

Ukishapanda bendi usikae kusubiri. Muombe ofisa wa nyumba akuandike kwenye fungu la nyumba zenye nafasi ya kiti cha magurudumu na muulize kama wanaweza kukupa nyumba moja kwa moja badala ya kushindana kila wiki kwenye mtandao wao, kwa familia kama yenu kaunsili kadhaa wanafanya hivyo. Wakikupa usiseme ndiyo wala hapana siku hiyo hiyo, omba OT akaione na nyie, apime mlango, apime bafu, aangalie kizingiti cha mlango wa mbele manake flati ya chini yenye ngazi mbili za mlangoni bado ni flati yenye ngazi. Usikatae kwa mdomo kwa sababu mtaa hauupendi, kaunsili nyingi ukikataa wanachoona kinafaa wanakushusha bendi au kukusimamisha. Ukikataa andika sababu, na sababu iwe ya OT.

Jirani yako Mkongo hajakosea sana. Kisheria mtu anaweza kuhesabika hana makazi akiwa ndani ya nyumba yake, kama nyumba hiyo si ya busara aendelee kuishi humo, na mtoto wa kilo 34 anayebebwa kwa mikono ghorofa ya tatu ni hoja nzito. Lakini mlango huo una baridi. Wanaweza kukupa makazi ya muda mbali na shule, pengine hotelini, na yasiwe na bafu linalomfaa mtoto. Ukienda huko nenda umeshaongea na Shelter, shirika la ushauri wa mambo ya nyumba, au kituo cha sheria cha mtaani kwenu, sema wazi unaomba ukiwa unaendelea kukaa kwako, na mtu yeyote akikupa karatasi ya kusaini kuachia flati usisaini. Hii mimi ningeiweka akiba mpaka ripoti ya OT itoke.

Wakikaa kimya lalamika rasmi, siyo kwa yule dada wa mapokezi. Hatua ya kwanza wakishalipokea lalamiko wana siku 10 za kazi kujibu, ya pili siku 20, kisha unakwenda kwa ombudsman, shirika huru linaloamua malalamiko, bure. Kuna mawili, moja la nyumba na jingine la serikali za mitaa na huduma za jamii, barua yao ya mwisho lazima ikwambie uende lipi. Citizens Advice watakusaidia kuandika kama Kiingereza cha ofisi kinakusumbua, na Contact ni shirika la familia zenye watoto wenye ulemavu, hawa mambo ya DFG wanayajua mno.

Kitu kidogo kabla sijasahau, council tax, ile kodi mnayoilipa kaunsili kwa ajili ya nyumba. Kama kuna chumba kinachotumika zaidi na mtoto kwa ajili ya ulemavu wake, au nafasi ndani kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu, mnaweza kulipa kama nyumba ya bendi moja chini (hii ni bendi ya kodi hiyo, siyo ile ya foleni). Kwenye flati ya sasa kiti kinalala banda la baiskeli kwa hiyo huenda wasikubali, lakini mkihamia ya chini ombeni siku ile ile mnayopata funguo.

Na hilo la usiku, mkifa nyie. Si swali la kipuuzi na nimefurahi umeuliza sasa kabla hujahama. Upangaji wako ulianza 2011, kwa hiyo upo chini ya kanuni ya zamani, ndugu wa familia aliyeishi na mpangaji miezi 12 kabla ya kifo anaweza kuurithi, mara moja tu. Kwa England upangaji ulioanza tarehe 1 Aprili 2012 au baada ya hapo haki hiyo ya kisheria ni ya mume, mke au mwenza peke yake, watoto hawamo, isipokuwa mkataba wenyewe uwaongeze. Ukihamishwa na kaunsili unasaini mkataba mpya, wa kanuni mpya. Haimaanishi usihame, ngazi zile zitakuua kabla hata hilo halijawa tatizo. Ila kabla ya kusaini uliza kwa barua pepe, mkataba huu unasema nini kuhusu mtoto mwenye ulemavu aliyeishi nasi, mnaweza kuongeza kipengele, na kama tukiandikwa wote wawili mimi na mume wangu urithi unahesabiwaje, manake mkiwa wawili mmoja akifa na mwingine akabaki, ile mara moja imeshatumika. Kwenye kubadilishana unachukua mkataba wa yule unayebadilishana naye, kwa hiyo omba kuona ulianza mwaka gani. Mshauri wa Shelter anaweza kuusoma na wewe, mpelekee kabla hujaweka sahihi, na jibu la kaunsili liprinti uliweke pamoja na karatasi za mtoto.